Uraibu wa Dizeli: Kupiga Picha Injini za Treni na Kuunda Reli Ndogo

Nyumbani kwetu kuna albamu tatu za picha. Zimejaa harusi, Maulidi, watoto wa chuoni wamevaa kanzu mpya, na bibi amekaa barazani na kikapu chake cha tambuu. Gari la moshi halimo hata kwa picha moja, ilhali ukoo mzima ulikuwa ukilipanda. Kwenda Nairobi kutibiwa, kwenda Voi kuzika, kwenda bara kutafuta kazi, yote yalikuwa ni kulala behewani na kuamkia nyika. Nilipowauliza majirani nikakuta ni yale yale. Waliokuwa na kamera waliwapiga picha wasafiri wakiagwa stesheni, na injini nyuma yao imekatwa nusu, namba haisomeki.

Kuna watu duniani ambao kwao hiyo nusu iliyokatwa ndiyo picha yenyewe. Siku ya mapumziko hubeba kamera, kiti cha kukunja na chupa ya chai, wakaenda kukaa kando ya reli saa tano nzima wakingoja injini moja ya dizeli ipite. Wakirudi nyumbani huingia chumba cha nyuma au darini, ambako wana reli nyingine ndogo juu ya meza, na injini ile ile yenye ukubwa wa kiganja ikizunguka. Shuleni tulifundishwa kuita jambo kama hili uraibu, ingawa huku Pwani ukisema fulani ana uraibu watu hukimbilia kuuliza kama ni mirungu au ni tambuu. Huu hauchafui meno, ila mfuko hauusazi.

Waliouanzisha kwa wingi ni Waingereza. Mwaka 1942, katikati ya vita, kijana aitwaye Ian Allan, karani wa kampuni ya reli ya Southern mjini London, alichoka kujibu barua za watu waliouliza habari za injini, akachapisha kijitabu chenye namba za injini zote za kampuni hiyo. Kikauzika mno. Vikafuata vijitabu vya kampuni nyingine, na watoto wa Uingereza wakawa wanajaa kwenye majukwaa ya stesheni na penseli, wakipiga mstari chini ya kila namba waliyoiona kwa macho yao.

Wakati huo injini zilikuwa za mvuke. Dizeli zilipokuja, mashabiki wale walizichukia. Walisema hazina roho, ni masanduku yanayonguruma, hakuna moto wala moshi mweupe. Tarehe 11 Agosti 1968 ikapita treni ya mwisho ya mvuke ya shirika la reli la Uingereza kwenye njia kuu, na wengi wakafunga kamera zao wakasema mchezo umekwisha. Kizazi kilichofuata hakikuwa na mvuke wa kukumbuka. Kilikua na dizeli, kikapenda mlio wa dizeli, na siku zake zilipofika za kutupwa kilisimama kuzitetea. Kampuni ya English Electric ilikuwa imeunda dizeli 22 zenye nguvu sana, zilizojulikana kama Deltic. Zilipoondolewa kazini, mwisho wake mwanzoni mwa 1982, raia wa kawaida walichanga pesa, na sita kati yake zingalipo hadi leo.

Nimeitaja English Electric kwa makusudi. Ndiyo kampuni iliyotuletea huku dizeli kubwa za njia kuu kuanzia mwaka 1960, zama za shirika la reli la Afrika Mashariki. Mwanzo ziliitwa daraja la 90, baadaye zikabadilishwa namba zikawa daraja la 87. Ndizo zilizoanza kuzipokonya kazi zile Garratt za mvuke, ambazo kila mtu anazijua na kila mgeni amezipiga picha.

Simlaumu mgeni. Garratt za daraja la 59 zilikuwa ajabu kweli. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250. Hazijapata kutokea injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwenye reli yenye upana wa mita moja. Moja wapo, namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi yaliyofunguliwa 1971, pamoja na lile behewa ambalo simba alimtoa ofisa Ryall kule Kima mwaka 1900. Mwandishi Kevin Patience aliitolea enzi hiyo kitabu kizima cha picha, Steam in East Africa, mwaka 1976. Mvuke umeandikwa, umepigwa picha, umewekwa makumbusho.

Lakini hebu tupige hesabu. Mtu wa Mombasa mwenye umri wa miaka arubaini na kitu, kama mimi, hakuwahi kupelekwa Nairobi na mvuke. Tulivutwa na dizeli. Ndizo zilizopiga honi usiku tukigeuka ubavu wa pili, na ndizo zilizovuta treni ya abiria ya reli ya zamani hadi ilipokoma mwezi Aprili 2017. Hizi hazina mlima wa kupewa jina, na hazina kitabu. Injini ya dizeli ikichoka hufunguliwa vipuri vyake kuisaidia mwenzake, kisha gamba lililobaki huuzwa chuma chakavu. Anayeipiga picha leo ikiwa kazini huenda ndiye mtu wa mwisho kuipiga.

Mwenye kutaka kuanza, aanze na kusoma namba. Ni elimu ya dakika moja. Katika reli ya zamani namba ya injini ina tarakimu nne: mbili za mbele ni daraja, yaani aina yake, na mbili za nyuma ni nambari yake katika aina hiyo. Kwa hivyo 5918 ni ya kumi na nane katika daraja la 59. Ukiona 93 mbele, hiyo ni daraja la 93, dizeli za kampuni ya General Electric ya Marekani zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1970, Jumuiya ikiwa imevunjika na Kenya imebaki na shirika lake. Kiwandani aina hiyo huitwa U26C, na jina hilo lina maana: U ni ya jumla, kwa kuwa iliundwa kuuzwa nchi nyingi, 26 ni nguvu farasi 2,600, C ni magurudumu ya jozi tatu kwa kila bogi, yaani ile fremu iliyobeba magurudumu chini ya injini.

Hizi herufi za magurudumu zinafaa kueleweka, kwani ndizo zinazokuonyesha mahali pa kutazama. Karibu dizeli zetu zote kubwa ni dizeli za umeme. Injini ya mafuta haigeuzi magurudumu. Inazungusha jenereta, na umeme wa jenereta hupelekwa kwenye mota zilizofungwa katika ekseli. Injini yenye bogi mbili za ekseli tatu tatu, kila ekseli na mota yake, huandikwa Co-Co. Daraja la 87 huandikwa 1Co-Co1, maana kila bogi imeongezewa ekseli moja isiyo na mota, kazi yake ni kubeba tu, ili uzito utawanyike na reli nyepesi isipinde. Ukipiga picha ya ubavuni hesabu magurudumu: manane upande mmoja ni Mwingereza wa 1960, sita ni Mmarekani wa daraja la 93. Mtoto wa miaka saba huijua tofauti hii haraka kuliko babake.

Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria tarehe 1 Juni 2017, ina ukoo mwingine kabisa. Injini zake ni za Uchina, za jamii ya Dong Feng: DF11 ndizo za treni ya abiria, DF8B za mizigo, na DF7G za kupanga mabehewa stesheni na bandarini. Dong Feng maana yake ni upepo wa mashariki, na upepo wa mashariki sisi tunao na jina lake tunalijua, matlai. Sijui kwa nini hakuna aliyezipa jina hilo. Reli hii ina upana wa milimita 1,435 na ya zamani ina 1,000, kwa hivyo injini ya huku haiwezi kupita kule. Tofauti hiyo ya milimita 435 ndiyo itakayomsumbua mwenye kuunda modeli, nitaifikia.

Sasa kamera. Picha ya kawaida ya mashabiki ni ile ya robo tatu: unasimama mbele kidogo kando ya njia, unapata uso wa injini na ubavu wake wote kwa pamoja, jua likiwa nyuma ya bega lako. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua hulala chini siku nzima. Huku kwetu likishapanda, kuanzia saa tatu hadi saa kumi hivi, linapiga utosini. Paa la injini linang'aa kama bati na bogi zinabaki giza tupu. Mwenye kuswali alfajiri amekwisha amka, basi asirudi kulala. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu ndio wakati wake, na jioni kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi.

Reli kutoka Mombasa inapanda kuelekea kaskazini magharibi. Kwa hiyo asubuhi jua linaangaza uso wa treni inayoteremka kuja Mombasa, na jioni linaangaza ile inayopanda bara. Hilo tu litakuokoa siku nyingi za kurudi na picha nyeusi. Mahali pazuri ni kwenye mpando, kama sehemu za Mazeras, kwa kuwa treni ya mizigo ikipanda hutembea taratibu na injini inafanya kazi kweli kweli. Unaisikia kabla hujaiona, na moshi unatoka. Treni hiyo hiyo ikiteremka ni kimya, imeshikiliwa na breki.

Simu ya kawaida yatosha kuanzia. Kosa la wengi ni kubofya mapema injini ikiwa mbali, kisha kuikuza picha hadi inakuwa chembe chembe. Ngoja ijae kwenye kioo. Mwenye kamera aweke shata kasi ya 1/500 ya sekunde kwa treni ya mizigo ya reli ya zamani. Kwa treni ya abiria ya SGR, inayofika kilomita 120 kwa saa, 1/1000 ni salama zaidi. Ukitaka kuonyesha mwendo, shusha hadi 1/60 na uizungushe kamera pamoja na treni, injini itoke safi na vichaka nyuma viwe mistari. Nakuonya kuwa utaharibu ishirini upate moja.

Hewa yetu ya chumvi ina adabu yake. Lenzi ikikaa kabatini miezi miwili huota kuvu ndani, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, na fundi wa kuisafisha hapatikani kila mtaa. Vile vipakiti vya chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Vitie pamoja na kamera katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana.

Na kuna sheria, jambo ambalo sitalipitia juu juu, maana ndilo linaloweza kukulaza ndani. Kutembea juu ya njia ya reli bila ruhusa ni kosa, na si kosa tu, ni njia ya kufa. Injini ya kisasa ikiteremka haina kelele za kutosha kukushtua ukiwa umeinamia kamera. Usisimame kati ya reli mbili hata dakika moja. SGR imezungushiwa ua, na ua ule si wa kurukwa. Bandari usiielekezee kamera pasipo kibali. Stesheni, nenda kwa mkuu wa stesheni kwanza, mweleze unachotaka, umwonyeshe picha zako za awali katika simu. Kijana mwenye ndevu na lenzi ndefu akijificha nyuma ya nguzo Pwani hii anajulikana atafikiriwa nini, na si haki, lakini ndivyo ilivyo. Nimewahi kuulizwa maswali nusu saa na askari mmoja kando ya njia, mpaka nilipomfungulia daftari langu la namba. Alilitazama, akacheka, akaniuliza kama nalipwa. Droni nayo yahitaji kusajiliwa na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga chini ya kanuni za 2020. Mahali salama na huru ni kando ya barabara ya umma, kwenye daraja la kupitia juu, au shambani kwa mtu aliyekupa idhini.

Daftari lile ndilo linalotenganisha picha ya kupendeza na picha ya kufaa. Kila picha iandikwe namba ya injini, tarehe, saa, mahali, ilikuwa ikielekea wapi na ilivuta nini: makontena, matangi ya mafuta, ngano. Picha isiyo na namba wala tarehe baada ya miaka ishirini ni mapambo. Ukipata injini imesimama na una ruhusa, usiridhike na ile robo tatu. Piga ubavu wote ukiwa umesimama sawasawa katikati yake, piga mbele, piga nyuma, piga paa kutoka darajani, piga bogi moja kwa karibu. Weka fimbo ya mita moja iliyopakwa nyeupe na nyeusi iegemee upande wake katika picha moja. Hiyo fimbo ndiyo mlango wa kuingilia upande wa pili wa uraibu huu.

Upande wa pili ni kuunda. Wajerumani na Waingereza ndio mabingwa wake wa kale. Kampuni ya Märklin ilionyesha treni zake za kuchezea zenye mfumo wa reli za kuunganisha katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na Frank Hornby wa Liverpool, yule aliyebuni Meccano, akaanza kuuza treni zake 1920. Leo mjini Hamburg kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa 2001 na ndugu wawili mapacha, yenye reli ndogo za zaidi ya kilomita 15 zilizojipinda ndani ya maghala ya zamani ya bandari. Watu hupanga foleni kuingia.

Jambo la kwanza la kuamua ni kipimo. Kinachopendwa zaidi duniani huitwa HO, na maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Injini ya mita 17 inakuwa sentimita 19 na nusu. Kidogo kuliko hicho ni N, kilichopunguzwa mara 160, kinachofaa anayekaa chumba kimoja. Kikubwa ni G, mara 22.5 kwa zile za mtindo wa kampuni ya LGB, ambacho huwekwa hata bustanini.

Hapa ndipo zile milimita 435 zinaporudi. Reli ya HO inayouzwa kila mahali ina upana wa milimita 16.5, ambao ni 1,435 ukigawanya kwa 87. Kwa SGR ni sawasawa, na mwenye kutaka kuunda treni ya Madaraka hana tatizo la reli. Bachmann nayo imewahi kutoa modeli za injini za Kichina. Lakini ukiiweka dizeli ya daraja la 93 juu ya reli hiyo itaonekana kama mtu aliyevaa viatu vya kakake. Mita moja ukiigawa kwa 87 ni milimita 11 na nusu, basi reli inayohitajika ni ya milimita 12, inayojulikana kama HOm. Nani anaiuza? Waliotuokoa ni Waswisi. Milimani kwao wana reli maarufu za upana wa mita moja kama yetu, na kwa sababu hiyo kampuni ya Bemo ya Ujerumani inatengeneza treni na reli za HOm, na Peco ya Uingereza inauza reli zake pia. Mtu wa Mombasa anaweza kuagiza reli iliyokusudiwa Alpi akaipitisha Mariakani. Na LGB vilevile: reli yake ya milimita 45 ilichaguliwa kuwakilisha njia ya mita moja, kwa hiyo mwenye uwanja wa kutosha anaweza kuzungusha injini ya sentimita 75 chini ya mnazi, kama kunguru na watoto wa jirani watamruhusu.

Injini zenyewe za kwetu huwezi kuzinunua dukani. Hapo unaunda. Wengi hununua injini ya bei nafuu ya aina nyingine, wakabaki na mota na magurudumu, wakatengeneza gamba jipya juu yake. Gamba laweza kukatwa kwa karatasi ngumu au plastiki nyembamba, kupigwa msasa na kupakwa rangi. Siku hizi wako vijana wenye mashine za kuchapa maumbo ya plastiki kutoka kompyuta. Lakini vipimo vinatoka wapi? Vinatoka kwenye ile picha ya ubavu yenye fimbo ya mita. Unapima fimbo katika picha, unapima injini, unagawanya, umepata urefu. Ndipo utakapojua thamani ya picha uliyopiga pasipo kujua utaitumia. Na ndipo utakapogundua kwamba kwa injini nyingi zilizokwisha katwa, hakuna aliyesimama ubavuni.

Nikisema kuunda sidhani namwambia mtu wa Pwani kitu kigeni. Lamu wako mafundi wanaochonga jahazi za urefu wa mkono zikiwa na mataruma, tanga na usukani, na anayejua jahazi akiitazama ataitambua kama ni ya wapi. Huo ndio usanii wa modeli, jina tu ndilo tofauti. Taruma la jahazi na taruma la reli ni neno moja. Mtoto aliyeunda gari la waya lenye usukani unaogeuka, au lori la mkebe wa mafuta, tayari anajua kupunguza kitu kikubwa kiwe kidogo pasipo kupoteza sura yake. Kinachokosekana ni kumwonyesha picha ya injini na kumpa kipimo.

Umeme wake hauna hatari ukifanywa kwa adabu. Treni ndogo za kawaida hutumia volti 12 zinazopita kwenye reli zenyewe, kutoka kisanduku kinachoshusha umeme wa nyumbani. Usijaribu kujitengenezea kisanduku hicho kwa nyaya za kuokota, hicho nunua. Katika mfumo wa zamani kuongeza umeme ni kuongeza mwendo, na injini zote zilizo juu ya reli hutembea pamoja. Mfumo wa dijitali hutia kila injini chipu yenye anwani yake, basi unaweza kuiamuru moja ipande na nyingine ingoje, na hata kuipa mlio wa dizeli. Unapendeza, ni ghali, na anayeanza hauhitaji.

Anachohitaji kujua ni kuhusu kutu. Reli ndogo za shaba nyeupe ya nikeli zivumilie bei yake ukanunua hizo. Za shaba ya njano ni rahisi, lakini kwa unyevu wa Mombasa hupata utando haraka na treni inaanza kwenda kwa kushtuka shtuka. Zifute kwa kitambaa chenye spiriti kila kabla ya kuendesha. Ubao wa chini usiwe wa unga wa mbao uliogandishwa, ule hufura. Tafuta plaiwudi ya baharini, ile mafundi wa boti wanayoijua. Na chumba kiwe na hewa.

Kuhusu gharama sitawadanganya. Injini mpya nzuri ya HO, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni bei ya simu ya maana. Ndiyo maana naona watu watatu wanne wa mtaa mmoja wangefaa kuchangia: mmoja ana chumba, mmoja anajua useremala, mmoja fundi wa umeme, na kijana wa kamera. Wanawake na wasichana wasiachwe nje; anayeweza kutia nakshi kofia kwa sindano ana mkono wa kupaka namba 9312 kwenye ubavu wa injini isiyozidi kidole gumba kwa kimo.

Swali la vinyago huulizwa, na ni haki kuulizwa. Maduka ya modeli huuza watu wadogo wa plastiki wa kusimamisha jukwaani. Injini, mti na nyumba si viumbe vyenye roho. Watu wadogo ukiwaona na shaka, waache. Stesheni tupu saa nane mchana ndivyo ilivyo hata katika ukweli.

Kilomita moja ya kweli ni mita 11 na nusu katika HO, kwa hiyo usiote kuunda Mombasa hadi Voi. Chagua mahali pamoja. Mimi ningechagua Mackinnon Road. Reli ya zamani inapita karibu kabisa na msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, anayesimuliwa kuwa alikuja kutoka Punjab kufanya kazi ya reli, na kwamba karai la zege lilikuwa likielea juu ya kichwa chake pasipo kuligusa. Wasafiri wa barabarani husimama pale kuswali. Kwenye ubao wa mita mbili na nusu unapata njia kuu, njia ya kupishania, stesheni, msikiti, na vichaka vya Taru nyuma. Muombe msimamizi ruhusa ya kupima, piga msikiti pande zote nne asubuhi na jioni. Udongo wa pale ni mwekundu. Chukua wa pale pale, chekecha kwa chujio la chai mpaka uwe kama poda, umwage juu ya gundi iliyotiwa maji na uuache siku mbili ukauke. Wa Mombasa haufai, rangi yake haifanani.